Matusi Yaliyopotea Njiani

Nilimtukana mfiwa karibu saa nzima, padri akiwa amesimama pale pale, na mfiwa akanishika mkono akanishukuru kwa kumfariji. Nimepigwa na mengi katika maisha haya, lakini shukrani ile ilinipiga kuliko yote.

Mfiwa mwenyewe ni Mzee Gaspari Mloka, karani mstaafu wa stesheni ya Morogoro, Mluguru wa Bigwa. Mimi ni Kalunde binti Kasubi, Mnyamwezi. Babu zangu walipita chini ya milima ya kwao wamebeba pembe kwenda pwani, babu zake wakashuka kuwauzia ndizi kwa bei ya wizi, na tangu hapo hatujaheshimiana hata siku moja. Huo ndio utani wetu. Akifa mtu kwao, kilio kinawahusu wao, kazi inatuhusu sisi: kuzuia jeneza njiani, kudai soda, kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza, mpaka mfiwa acheke bila kupenda. Mtu aliyecheka kaburini anajua kwamba ataishi.

Jumamosi ile saa nne asubuhi tulikuwa tunamzika mkewe, Bi Yustina. Juu yetu, kwenye ukingo wa mlima, nyavu za kunasa ukungu zilikuwa zinachuruzisha maji kwenye matangi ya mtaa. Kabla jeneza halijashushwa nilirukia ndani ya kaburi, nikajilaza, nikatangaza kwamba limechimbwa kwa mazoea ya Kiluguru, upande mmoja juu mwingine chini, na marehemu asipofungwa kamba atateleza mpaka mjini. Wakanivuta nje huku nadai soda mbili. Kisha nikajifunga kitenge cha Bi Yustina, nikashika ufagio wake, nikamsimamia mumewe mbele ya pua.

"Gaspari," nikasema kwa ile sauti yake ya puani, "miaka arobaini na sita unaniahidi kuziba bati. Nimechoka. Nimehamia nyumba isiyovuja."

Watu walicheka mpaka waliobeba jeneza wakaona heri walitue kwanza. Padri alijificha nyuma ya kitabu cha sala. Mzee Gaspari hakucheka. Alinitazama kwa adabu, kile kitaa cha kijani nyuma ya sikio lake kikipepesa, akaninyooshea mkono.

"Asante, binti yangu. Maneno yako yamenipa nguvu. Mungu akulipe."

Kicheko kilikatika kama kimefyekwa. Huyu ndiye mtu ambaye siku yangu ya kwanza mjini alinitwika mkungu wa ndizi bila hata salamu, akawaambia watu wa stesheni kuwa mzigo umemwona mwenyewe. Leo ananiita binti yangu. Tangu lini?

*

Kitaa kile ni cha kunde. Kunde ni kidude cha ukubwa wa punje ya kunde, kinapandikizwa nyuma ya sikio, na nyuzi zake nyembamba kuliko unywele zinaingia mpaka kwenye ubongo. Wanaosema nilikipa jina linalofanana na langu kwa kujipendelea wananionea. Siku kilipoletwa mezani nilikuwa na njaa, basi.

Aliyekibuni ni Daktari Tekla Mkude. Si daktari wa vidonge. Ni mwanasaikolojia wa fahamu, na maisha yake yote amekuwa akiuliza swali ambalo mtoto angeliuliza nyumbani akapigwa konzi: mtu anasikiaje maneno? Naye ni Mluguru, kwa hiyo nilikuwa namtukana kila asubuhi kabla ya chai, na alikuwa ananirudishia kwa ufupi na usahihi wa kisayansi.

Nilifika kwake miaka saba iliyopita, baada ya kibanda changu cha mitumba kuungua, mume kuondoka na moshi ule ule, na mimi kula miezi mitatu jela kwa kosa la kunadi kwa spika karibu na mahakama. Alikuwa anatafuta watu arobaini wa kusikiliza sentensi na kubonyeza vitufe. Alituwekea sentensi moja ambayo ndani yake mtu anakohoa, akauliza kikohozi kimeangukia wapi. Sote tuliapa kwamba kimepita pembeni na neno limebaki zima. Mimi niliapa zaidi ya wote, maana nimeishi kwa masikio yangu. Kwa sauti ya mteja tu nilikuwa najua kama atanunua au amekuja kuchafua nguo.

Akaicheza tena bila kikohozi. Pale pa kikohozi palikuwa na tundu. Kipande cha neno hakikuwapo kabisa, alikikata yeye.

"Hukukisikia, Kalunde," akaniambia. "Ulikikisia. Halafu akili yako ikakuficha kwamba umekisia."

Nilimwambia kuwa niliwahi kuolewa na mwanamume wa namna hiyo. Alicheka mpaka akavua miwani, na wiki iliyofuata nilikuwa mfanyakazi wake.

Kwenye kompyuta alikuwa ameijenga modeli, na alinielezea kwa namna ambayo hata mtu wa spika kama mimi aliielewa. Chukulia maelfu ya maneno yamesimama getini kama watu wanaotafuta kibarua. Kila kipande cha sauti kinachofika kinawainua baadhi na kuwakalisha wengine. Lakini mlinzi wa geti hasikilizi sauti peke yake. Ana jamaa yake anayemnong'oneza sikioni, anayeitwa matarajio: tuko kanisani, kwa hiyo litakuja neno la kanisani, mwite huyo. Kazi yote ya Daktari Tekla ilikuwa kupima mnong'ono ule una uzito gani ndani ya kichwa cha mtu. Aliupima miaka ishirini na miwili. Alipomaliza, angeweza kukuwekea sentensi iliyozama kwenye kelele za mashine ya kusaga na kukuambia mapema utasikia nini na utakosea wapi, na ukakosea pale pale. Nimeona wachawi wakitoza kwa uwezo mdogo kuliko huo.

Kiharusi kilimpata Mzee Gaspari mwaka juzi. Masikio yake yalibaki mazima. Alisikia jogoo, mvua, treni ikipiga breki. Maneno ya watu ndiyo yaliyomfikia kama changarawe inayomwagwa juu ya bati. Miezi kumi na minne alikaa hivyo, akiandikiana na mkewe kwenye daftari. Kisha akawa mtu wa kwanza kuwekewa kunde. Ndani yake modeli ya Daktari ilipokea sauti, ikapanga maneno, ikayapeleka kwenye ubongo kwa njia ambayo kiharusi hakikuifunga, tena kwa sauti ya msemaji yule yule. Neno la kwanza kulielewa lilikuwa la Bi Yustina kumwita akale. Mzee alilia. Daktari Tekla akatoka nje kwenda kulikagua gari ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Hiyo ilikuwa wiki sita kabla ya msiba. Katika majaribio ya maabara Mzee alielewa sentensi tisini na sita katika mia. Alhamisi iliyokuwa inakuja, namba hiyo ingesomwa mbele ya baraza linaloidhinisha vifaa vya tiba, ambalo lilikuwa haliangalii kifaa chenye chini ya tisini. Watu elfu kumi na moja walikuwa kwenye orodha, kila mmoja na changarawe zake.

*

Jumatatu asubuhi Mzee Gaspari aliniita kwake. Nilimkuta kwenye kibaraza na binti yake Benadeta, ambaye alinipokea kwa macho ya kuomba radhi. Nikaanza na salamu yangu ya siku zote, kwamba naona bado mguu wake mmoja ni mrefu kuliko mwingine kwa kulima mteremkoni. Akaitikia kwamba miguu haijambo, ananishukuru kwa kumjali.

Akaniambia nikae. Halafu akaongea polepole, kama mtu anayehesabu mabehewa.

Alisema amenijua miaka kumi na tisa na hakumbuki kunikosea. Siku ya kumzika mkewe aliniona nimeingia kaburini, akaniona nimevaa kitenge cha Yustina, na moyo wake ukafurahi, akajua sasa nitamtukana apumue. Lakini nikasimama mbele yake na kumpa pole kama ya mkuu wa wilaya. Mbaya zaidi, watu wakawa wanacheka. Alikaa pale kando ya jeneza akijiuliza, wamerukwa na akili au wameniacha?

"Mtani akikupa pole ya kawaida, amekukana," akasema. "Nimekukosea nini, binti Kasubi?"

Nilifungua mdomo kumweleza. Kila nilichosema kilimfikia kikiwa kimechanwa na kupakwa mafuta, naye akawa anatikisa kichwa kwa upole, hapana, hapana, usinibembeleze. Benadeta akachukua daftari la zamani akamwandikia: *Alikutukana, baba. Alikutukana vibaya mno.* Mzee alisoma mara mbili. Halafu akalikodolea macho jina la mkewe juu ya jalada la daftari lile.

"Hata Yustina," akasema. "Wiki hizi za mwisho alikuwa na maneno matamu. Miaka arobaini na sita hakuwahi kuniambia mimi ni mume mwema. Nikadhani ni ugonjwa umemlainisha ulimi."

Nikachana karatasi ya daftari, nikamwandikia kuomba ruhusa ya kufungua sauti za Jumamosi zilizomo kwenye kunde, akatia sahihi. Niliaga nikateremka mlima mbio, na mimi si mtu wa kukimbia.

*

Kunde huweka kumbukumbu mbili: sauti iliyoingia, na maneno iliyoyapeleka kwenye ubongo. Katika maabara walikuwa wakizilinganisha kila wiki kwa sentensi za majaribio, na zilikuwa zinalingana. Za mitaani hakuna aliyezigusa, kwa sababu Daktari Tekla alikuwa ameapa kutosikiliza mazungumzo ya mgonjwa bila ruhusa yake. Nilimletea ruhusa ya Mzee kwenye karatasi, ya Jumamosi saa nne peke yake. Akaisoma, akaketi, akafungua.

Mistari miwili ikatokea kwenye ukuta. Wa juu ulikuwa wangu: *Gaspari, miaka arobaini na sita unaniahidi kuziba bati. Nimechoka. Nimehamia nyumba isiyovuja.*

Wa chini ndio aliousikia Mzee: *Gaspari, miaka arobaini na sita mmeishi kwa ahadi. Amepumzika. Amehamia nyumba ya milele.*

Kwa sauti yangu. Ningekuwa sijui ukweli, ningejipongeza.

Injinia Sadoki Mwaikenda, ambaye ndiye anayesimamia hesabu za modeli, alisogea karibu na ukuta kama anataka kuufuta kwa kiganja. Alisema uzito wa matarajio umewekwa saba katika kumi, kwa sababu saba ndiyo iliyotoa tisini na sita. Mahali pa msiba, modeli ilitarajia pole. Ikaletewa bati na nyumba inayovuja, ikaona sauti hii imeharibika njiani, ikaitengeneza.

"Lakini misiba ya nchi hii imejaa matusi," Daktari Tekla akasema. "Modeli imesikiliza saa elfu tisa za watu wetu wakiongea. Iliyakosaje?"

Jibu nilikuwa nalo mimi.

Saa elfu tisa zile nilizichambua mimi. Misibani, sokoni, vilabuni, kwenye foleni za maji, vinasa sauti vilikwenda kila mahali, na kila sauti ilipita kwangu kabla ya kufika kwenye modeli. Juu ya meza yangu palikuwa na kanuni saba, na ya nne ilisema: *Ondoa matusi, kejeli na maneno yasiyofaa.* Niliondoa. Watani walikuwa wakitukanana kwenye masikio yangu, nacheka peke yangu mpaka machozi, kisha nafuta. Nilikuwa nimetoka jela, nataka kuonekana mtu wa maana. Na niseme kweli, niliona ndivyo inavyostahili. Mgeni akija unafagia ua. Sisi mashine iliyokuja tuliifagilia lugha yetu yote, tukaikaribisha ndani, haikuwahi kuona vumbi.

Nikasema ni mimi. Nikatangaza kabisa, kama zamani na spika.

Wakubwa niliofanya kazi chini yao, ukiwapa mtu wa kubeba lawama, wanamshukuru Mungu na kukutwika. Mimi ni Mnyamwezi, nilikuwa nimeshainamisha bega. Daktari Tekla alikwenda kwenye meza yangu, akaibandua ile karatasi ya kanuni, akanionyesha sahihi iliyo chini.

"Hii ni ya nani?"

"Yako, Daktari."

"Basi usinitwalie mzigo wangu. Najua kwenu ni tabia."

*

Siku ya Jumanne walibishana yeye na Sadoki tangu chai mpaka adhuhuri, na mimi nilikuwa pale nikijifanya napanga vikombe.

Sadoki si mtu mbaya, ndiyo maana ilikuwa ngumu. Alisema kufundisha modeli upya kutachukua miezi minane, maana yale niliyoyafuta hayapo tena, ni kuanza kuyakusanya. Wakishusha uzito wa matarajio mpaka tatu, kunde itaacha kupamba, lakini alikwishajaribu usiku kucha kwa rekodi za maabara: tisini na sita inaporomoka mpaka sabini na moja. Baraza litaifunga faili bila kuisoma. Basi iende Alhamisi kama ilivyo, watu wasikie, marekebisho yafuate. Kosa lenyewe ni nini? Wazee kuambiwa maneno mazuri?

Halafu akasema lililokuwa moyoni. Mama yake yuko Rungwe, namba mia nne na kitu kwenye orodha. Siku hizi anakula akiwapa watu mgongo, kwa sababu nyuso zinazosema maneno asiyoyaelewa zinamtisha.

"Akisikia tisini na sita," akasema, "hata kama nne ni za uongo, atageuka."

"Nne za uongo nisingeziogopa kama angezijua," Daktari akamjibu.

"Kwani sikio la kawaida halikisii? Umetufundisha wewe mwenyewe."

Daktari Tekla alikuwa amesimama dirishani, na nikaona anachokifanya mara zote anapofikiri: midomo yake inasogea kidogo, kama anayeonja neno.

"Linakisia," akasema. "Lakini likikisia vibaya, uso unakunjamana. Mtu anasema, umesemaje? Hapo ndipo binadamu anapojiokoa, Sadoki. Mimi nimetengeneza kitu kinachokisia kwa ustadi mkubwa hadi mtu hakunji uso tena. Na jambo ambalo mtu ana haki zaidi ya kuambiwa ni lile asilolitarajia. Lile analolitarajia, anaweza kujiambia mwenyewe."

Sadoki akauliza, basi mama yangu angoje? Daktari hakumjibu kwa hotuba. Alisema ndiyo, huenda akangoja, na yeye mwenyewe atakwenda Rungwe kumweleza kwa maandishi, atakaa naye hata akimpa mgongo. Kisha akaketi, akafungua ripoti ya baraza. Pale palipoandikwa tisini na sita akaongeza mstari: *kwa sentensi zinazotarajiwa.* Chini yake akaandika sabini na moja, na chini ya hapo aya nzima juu ya kanuni ya nne, ikianza na maneno "Nilikosea mimi". Akaituma kabla chai yake haijapoa. Miaka ishirini na miwili ile, ndugu yangu, imekwenda kwa kubonyeza kitufe kimoja. Mimi ndiye niliyevunja kikombe.

Sadoki alitoka bila kuaga. Baada ya nusu saa akarudi, amebeba kidude chenye gurudumu dogo kama lile la kupandishia sauti kwenye redio za zamani. Akakiweka mezani. Akasema kwamba kama uzito wa matarajio ni wa kubishaniwa, basi angalau abishane nao mwenye sikio.

*

Jumatano asubuhi ilikuwa siku ya kuanua matanga. Tulipanda Bigwa wote watatu. Ua ulikuwa umejaa watu wa nyumbani, masufuria, mikeka inayokung'utwa. Mzee Gaspari alikaa kwenye kiti chake, amenyoa, anatoa asante kulia na kushoto.

Daktari Tekla hakumwambia kitu. Kuomba radhi kwa daktari ni jambo ambalo kunde isingelitarajia, na hakujua ingelifikisha likiwa nini. Alipiga magoti kama binti wa Kiluguru mbele ya mkubwa wake, akampa lile gurudumu na barua aliyoiandika kwa mkono. Nilikuwa nimeisoma. Ilimweleza makosa yalivyotokea bila kumtaja mtu mwingine, na ikaisha hivi:

*Gurudumu hili ni lako. Ukiliacha juu, utasikia yote bila shida, lakini mengine hayatakuwa yamesemwa. Ukilishusha, utasikia maneno saba katika kumi, utachoka, na mengine utalazimika kuuliza. Sauti za marehemu zimehifadhiwa kama alivyozitamka. Sijazifungua. Ni zako pia.*

Mzee alisoma mpaka mwisho, akarudia pale pa marehemu. Alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Kwa hiyo hajasema mimi ni mume mwema," akasema.

Daktari akachukua kalamu, akaandika: *Sijui. Huenda amesema.*

Mzee alilishika gurudumu kiganjani kwa muda mrefu. Niliona kidole gumba chake kikipanda na kushuka bila kuligeuza. Sikumlaumu. Ningepewa mimi la mume wangu ningelitupa chooni. Mtu ana maneno matamu ya mkewe, ya mwisho, kayatunza, na anaulizwa kama anataka kujua yalitoka wapi.

"Nianze na huyu," hatimaye akasema, akininyooshea kidevu. "Matusi yake nayajua. Nikimuweza huyu, ndipo nitamsikiliza Yustina."

Akaligeuza.

Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyetoka kivulini ghafla. Benadeta alimuuliza kama yuko sawa, naye akashtuka, akaweka mkono sikioni. Changarawe zimerudi, akasema, ila si zote. Daktari Tekla aliinuka nusu, akataka kulichukua gurudumu. Mzee akalificha mfukoni.

Nikaenda mlangoni, nikajifunga kile kitenge, nikachukua ufagio. Nikaja nikamsimamia mbele ya pua, na nikamwambia maneno yale yale ya Jumamosi, kwa sauti ile ile ya puani, kuhusu ahadi na bati na nyumba isiyovuja. Nimenadi mbele ya askari wenye virungu, sikuwahi kuyachunga maneno hivyo.

Mzee Gaspari akakunja uso.

Karibu wiki saba sikuwa nimeona uso ule ukikunjamana. Daktari Tekla akanishika mkono bila kujua.

"Umesemaje?" Mzee akauliza.

Nikarudia. Alikuwa anainama mbele, macho kwenye midomo yangu, jasho likimtoka kipajini, akidaka neno na kuliacha lingine lipite. Nilipofika kwenye nyumba isiyovuja, mabega yake yalianza. Kwanza mabega, halafu tumbo, halafu kicheko kikatoka na machozi pamoja, kile kicheko kibaya cha mfiwa kinachouma kukisikia na kinachoponya, na ua mzima ukamfuata. Benadeta alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Sadoki aligeuka akatazama nyavu za ukungu, akazikagua vizuri kabisa, moja moja.

Mzee alijifuta kwa kiganja. Akanitazama kuanzia kilemba mpaka miguuni, kama siku ile ya stesheni.

"Wewe Mnyamwezi," akasema, "babu zako walibeba pembe kutoka Tabora mpaka baharini, hawakupoteza hata moja. Wewe umepewa maneno kumi uyavushe ua, umedondosha manne njiani. Mpagazi gani wewe? Rudi ukayaokote."

Nikarudi mpaka mlangoni, nikakaza kitenge, nikainama nikaanza kuyaokota.